Kizimamoto cha gari la michezo: kuchagua mtungi na kuufunga using'oke

Gari la michezo hubeba petroli, oili na joto jingi katika nafasi finyu. Bomba la mafuta lenye presha hupita karibu kabisa na ekzosi. Turbo ikikimbizwa huwa nyekundu. Oili ya breki, ambayo wengi hudhani haishiki moto, huwaka vizuri tu ikidondokea chuma kilichopata joto kali. Mvuke wa petroli unaweza kujiwasha wenyewe bila cheche kuanzia joto la takriban nyuzi 250 hadi 280 za Selsiasi, na ekzosi ya injini inayofanya kazi ngumu hupita kiwango hicho kwa urahisi. Bodi nayo, kama ni ya faibaglasi au kaboni, ina resini inayowaka. Injini ikiwa nyuma ya viti mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu moto unaweza kukomaa kabla dereva hajaona moshi wowote kwenye kioo.

Mtungi mdogo wa garini una kazi mbili: kuwafungulia watu njia ya kutoka, na kuua moto ungali mchanga. Ukiubonyeza mfululizo, dawa huisha kwa sekunde 8 hadi 12 hivi, na mingine huwahi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni dawa gani iliyo bora, uliza mkono wako utaufikia mtungi kwa muda gani, na kama mtungi utabaki palepale gari likigonga. Watu hubishana wiki nzima juu ya dawa, kisha wanaufunga mtungi wa bei kubwa kwa kibano cha plastiki kilichokuja ndani ya boksi. Braketi, yaani kishikilio kinachoufunga mtungi kwenye gari, ni nusu ya manunuzi. Tenga fedha yake tangu mwanzo.

Dawa iliyo ndani

Poda ya ABC ndiyo iliyoenea kuliko zote (A ni moto wa vitu kama kitambaa, B ni wa mafuta; C imeelezwa chini kwenye lebo). Kiini chake ni fosfeti ya monoamonia. Kwa uwezo wa kuangusha moto wa petroli ukilinganisha na uzito wake, mitungi mingi midogo ya mkononi haiifikii, na huzima pia moto wa viti, mazulia na plastiki. Ubaya wake huonekana baadaye. Kwenye joto poda hii huyeyuka na kuganda kama gundi juu ya chuma. Ikipata unyevu hugeuka tindikali inayokula alumini, viunganishi vya waya na vibodi vya umeme. Ukiipulizia injini ikiwa bado inazunguka, poda huvutwa kupitia njia ya hewa, na hapo gharama hubadilika kabisa. Ikitoka ndani ya gari lililofungwa madirisha, huoni wala hupumui vizuri.

Poda ya BC, yenye bikaboneti ya sodiamu au ya potasiamu, haili chuma kwa kiasi hicho na ni rahisi kuisafisha. Huzima petroli na oili vizuri, lakini haishiki kwenye kitambaa na sponji. Viti vikishawaka, moto utarudi.

Kisha kuna dawa safi, yaani zile zinazotoka kama gesi au kimiminika kinachogeuka mvuke na kuondoka bila kuacha masalia. Halon 1211 ndiyo iliyokuwa maarufu magarini kwa miaka mingi. Kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, Itifaki ya Montreal ya 1987 ilisababisha uzalishaji wake kusimamishwa katika nchi zilizoendelea kufikia 1994, na katika nchi zinazoendelea kufikia 2010. Katika Umoja wa Ulaya, mitungi ya haloni ilitakiwa kuondolewa kufikia mwisho wa 2003, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu kama ndege. Mtungi wa Halon unaouzwa leo umejazwa dawa iliyokusanywa kutoka mitungi ya zamani. Warithi wake ni Halotron I, FE-36 na zile za jamii ya Novec 1230. Kwa gari lenye injini ya thamani, waya nyingi na ndani ya ngozi, hizi ndizo za kwanza kufikiria, mradi ukubali mambo mawili. La kwanza, kwa uzito uleule huzima moto mdogo kuliko poda. La pili, hazipoozi chuma kwa kiasi cha maana, na upepo huzipeperusha. Ukizima moto halafu petroli ikaendelea kudondokea ekzosi ya moto, utawaka tena mbele ya macho yako. Pia zikipita kwenye mwali mkali, dawa zenye florini hutoa mvuke wa tindikali unaochoma mapafu. Pulizia ukiwa nje ya gari.

Povu la AFFF lina maji, kwa hiyo hupooza, na hufunika petroli iliyomwagika ili mvuke wake usipande. Ni zuri kwa mafuta yaliyotuama chini ya gari, si zuri kwa mafuta yanayotiririka ukutani mwa injini. Huganda kwenye baridi kali kama halijachanganywa na kizuia kuganda. Povu la aina hii limetengenezwa kwa kemikali za florini ambazo nchi kadhaa zinaziwekea vizuizi, hivyo angalia sheria za mahali ulipo kabla ya kununua.

Kabonidioksidi iache karakanani. Mtungi wake ni mzito kwa sababu chuma lazima kistahimili presha ya takriban baa 57 kwenye nyuzi 20, na presha hiyo hupanda sana gari likiachwa juani. Gesi yenyewe hutawanyika haraka mahali pa wazi, na ndani ya kabini ndogo inaweza kumkosesha mtu pumzi.

Kwa ufupi wa uamuzi: gari la barabarani lenye injini mbele, linalobeba watu, na mwenyewe hajali kusafisha, lichukue poda. Gari la kutunzwa, hasa lenye injini katikati au lililojaa umeme, lichukue dawa safi, na mtungi uwe mkubwa kidogo kuliko ambao ungenunua wa poda. Wapo wanaobeba vyote viwili: dawa safi karibu na mkono, poda kama akiba. Si wazo baya, kama ya akiba nayo imefungwa kwa braketi ya kweli.

Namba kwenye lebo

Uzito wa dawa peke yake haukuambii uwezo wa mtungi. Soma daraja lake. Kwenye mitungi ya viwango vya Marekani vya UL utaona maandishi kama 1-A:10-B:C. Namba iliyo mbele ya B ni eneo la moto wa mafuta, kwa futi za mraba, ambalo mtu asiye na uzoefu anatarajiwa kulizima. 10-B ni kama mita moja ya mraba kasoro kidogo. Herufi C hapo inamaanisha dawa haipitishi umeme. Kwenye mitungi ya Ulaya ya EN 3, namba kama 55B huonyesha lita za kimiminika zilizowekwa kwenye sinia la majaribio, na C inamaanisha moto wa gesi. Herufi ileile, maana mbili. Usilinganishe mtungi wa mfumo mmoja na wa mfumo mwingine kwa kutazama tu tarakimu.

Mfano unaofungua macho: mtungi wa poda ya ABC wenye pauni 2.5 za dawa, yaani kilo 1.1, kwa kawaida hupewa 1-A:10-B:C. Mtungi wa Halotron I wa pauni 5, kilo 2.3, kwa kawaida hupewa 5-B:C. Uzito wa dawa ni mara mbili, daraja la B ni nusu. Hiyo ndiyo bei ya usafi. Vimitungi vidogo vya kopo, vinavyofanana na dawa ya kuua mbu na visivyo na daraja lolote kwenye lebo, viache dukani.

Kwa gari la viti viwili, kilo 1 ya poda ndiyo chini kabisa ya kununua, na kilo 2 ni bora kama nafasi ipo. Kwa dawa safi anzia kilo 2 hivi. Chagua mtungi wenye kichwa cha chuma, si cha plastiki, kwa sababu uzi wa plastiki huchoka kwa mtikisiko na joto, na mara nyingi mitungi hiyo haijazwi tena. Geji iwepo. Soma pia kiwango cha joto: mitungi mingi ya Marekani imeidhinishwa hadi nyuzi 49, ya Ulaya mara nyingi hadi 60. Kabini iliyofungwa juani inaweza kupita 60, hasa karibu na dashibodi na chini ya kioo cha nyuma, ila sakafuni kivulini hubaki chini ya hapo. Hii ni sababu mojawapo ya kuufunga mtungi chini.

Mahali pake

Kaa kwenye kiti, funga mkanda, urudishe mgongo. Nyosha mkono bila kuinama zaidi ya mkanda unavyoruhusu. Popote mkono unapofika na kushika kitu cha unene wa mtungi, hapo ndipo pa kuanzia. Sehemu nyingine zote ni za pili.

Kwenye magari mengi ya michezo, mahali panapofaa zaidi ni mbele ya kiti cha abiria, mtungi ukilala kwa upana wa gari, kichwa kikielekea katikati ili dereva na abiria wote waufikie. Kulala kwa upana kuna faida nyingine: gari likigonga kwa mbele, mtungi hausukumwi kwa ncha yake kutoka kwenye vibano kama risasi kutoka kwenye mtutu, husukumwa kwa ubavu, na vibano vyote hubeba mzigo pamoja.

Mbele ya kiti cha dereva panavutia kwa sababu ni karibu zaidi, lakini kuna hatari mbili. Mtungi ukichomoka hubingirika hadi chini ya pedali ya breki, na hapo gari halisimami. Na dereva mrefu anayesogeza kiti nyuma huwa na mashavu ya miguu karibu kabisa na mtungi. Kwenye ajali miguu huupiga. Kama huna njia nyingine, hakikisha pana nafasi ya vidole vinne kati ya mtungi na mguu, na kwamba hata ukichomolewa kwa bahati mbaya utazuiwa na kitu kabla ya kufika kwenye pedali.

Buti si mahali. Moto ukikata umeme, kufuli la umeme halifunguki, na kwenye gari la injini nyuma buti ya mbele ndiyo inayokunjika kwanza. Rafu iliyo nyuma ya vichwa nayo hapana. Kwenye ukuta kati ya viti na injini mtungi unaweza kukaa salama, lakini jaribu kuutoa huku umefunga mkanda. Mara nyingi bega halizunguki kiasi hicho. Mabomba ya fremu ya usalama ni ya kuangalia kwa tahadhari: mtungi uliofungwa karibu na kichwa cha mtu asiyevaa helmeti ni nyundo. Juu ya handaki la gia, yaani mgongo wa katikati ya sakafu, joto la ekzosi hupanda, lipime kwa mkono baada ya safari ndefu kabla ya kuamua.

Kabla ya kununua braketi, sogeza kiti mbele kabisa, kishushe chini kabisa, inamisha ukingo wake wa mbele kadiri unavyokwenda. Pima nafasi iliyobaki kati ya kiti na zulia, na umbali kati ya bolti mbili za mbele za reli. Mtungi wa poda wa kilo 1 huwa na kipenyo cha takriban sentimita 8, wa kilo 2 takriban 11. Ongeza unene wa braketi na kibano cha haraka, ambao pamoja hufika sentimita 2 hadi 4. Kata bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo hicho, liweke pale, endesha kiti kwenye mwendo wake wote. Magari yenye kiti kinachosogea chenyewe mlango ukifunguliwa yamewapondea watu mitungi kwa sababu walipima kiti kikiwa kimetulia.

Braketi na kibano

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, kwenye Nyongeza J, kifungu cha 253, zinataka vifungo vya kizimamoto vistahimili msukumo wa 25 g (mara 25 ya uzito wa mtungi), viwe vya chuma vyenye mikanda ya chuma, visipungue viwili, vifunguke haraka, na pawe na vizuizi vya kuzuia mtungi usichomoke kwa urefu wake. Hata kama gari lako halitagusa uwanja wa mashindano, hiki ndicho kipimo cha kufuata. Fikiria mtungi wa dawa ya kilo 2 ambao kwa jumla una kilo 3.5: kwenye 25 g unavuta braketi kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 87 na nusu. Kibano cha plastiki hakina jibu kwa hilo. Mkanda wa kubandika kwa manyoya (velkro) hufunguka mapema zaidi.

Unahitaji vipande viwili. Cha kwanza ni bapa au bomba linalofungwa kwenye bolti za mbele za kiti, chuma cha milimita 3 au alumini ya milimita 5 hivi, ukubwa uliotengenezwa kwa gari lako. Cha pili ni kibano cha kufungua haraka: sehemu moja hubaki kwenye bapa, nyingine hukazwa kwenye mtungi, na pini moja kubwa yenye pete huziunganisha. Vuta pini, mtungi umo mkononi. Pini iwe ya chuma, ijifunge yenyewe kwa kidude cha chemchemi, na pete yake ipite vidole viwili vyenye glavu.

Kuna jaribu la kutoboa sakafu. Chini ya zulia hupita mabomba ya breki, bomba la mafuta na vifundo vya waya, na bamba la sakafu peke yake ni jembamba mno kubeba mzigo huo; bolti hulipasua na kutoka na kipande. Bolti za kiti tayari zimeshikiliwa na muundo uliotengenezwa kumzuia mtu mzima kwenye ajali. Zitumie hizo.

Kufunga

Zima gari, toa waya hasi wa betri, subiri dakika kumi ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mifuko ya hewa upungue. Usiwashe swichi wakati kiunganishi chochote cha chini ya kiti kimechomolewa; taa ya mifuko ya hewa itabaki inawaka na kufutwa kwake huhitaji mashine. Ikiwezekana usichomoe kabisa: kwa bolti mbili za mbele tu, kiti hakihitaji kutoka.

Sogeza kiti nyuma kabisa kabla ya kutoa waya wa betri kama ni kiti cha umeme. Hatua hii husahaulika kila mara.

Toa bolti za mbele. Zikague: kichwani kutakuwa na namba ya daraja la nguvu kama 8.8 au 10.9. Kama zina gundi ya kiwandani kwenye uzi, au kitabu cha gari kinasema ni za kutumika mara moja, nunua mpya za daraja lilelile, kamwe si la chini. Ukiona waya mwembamba unaingia kwenye bolti yenyewe au kwenye reli karibu nayo, huenda hicho ni kihisi cha uzito wa abiria; usiweke bapa hapo, tafuta braketi inayofungwa kwingine. Na kama bolti hiyo ndiyo inayoshikilia pia mkanda wa usalama, iache.

Weka bapa juu ya mguu wa reli, chini ya kichwa cha bolti, kama umbo linaruhusu. Likilazimika kukaa chini ya reli, ncha ya mbele ya kiti itapanda kwa unene wa bapa, na reli itajipinda kidogo. Kiti cha umeme huanza kukwama au kulia. Dawa yake ni washa (pete bapa za bolti) za unene uleule chini ya reli kwenye bolti za nyuma.

Sasa hesabu uzi. Bapa la milimita 5 limekula milimita 5 za bolti. Uzi unaoingia kwenye nati ya chuma usiwe mfupi kuliko kipenyo cha bolti: kwa M10 (bolti ya kipenyo cha milimita 10) yenye hatua ya 1.5, yaani milimita kati ya uzi na uzi, ni mizunguko 7 kamili ya mkono, kwa M8 yenye hatua ya 1.25 ni kama hiyohiyo. Ikipungua, nunua bolti ndefu zaidi ya daraja lilelile. Ikizidi, angalia isigonge kitu kilicho chini. Anza bolti zote mbili kwa vidole, kisha kaza kwa spana ya kupimia nguvu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kukisia hapa ni kucheza na kiti, achilia mbali kizimamoto.

Mtungi wenyewe ufunge nje ya gari, mezani. Zungushia ukanda wa mpira pale vibano vitakapokaa, ili rangi isikwanguke na kutu isianze. Vibano viwili vya chuma kisichoshika kutu, kimoja karibu na bega la mtungi, kingine karibu na kitako. Kaza hadi mpira ubonyee kidogo na mtungi usizunguke ukiukamua kwa mikono miwili. Ukiendelea zaidi ya hapo utaubonyeza ukuta wenyewe. Skrubu za vibano zielekee chini au mbele, mbali na miguu. Usifunike lebo ya maelekezo wala tarehe. Mtungi usitobolewe, usichomelewe, usipigwe skrubu hata moja.

Kabla ya kukaza mwisho, zungusha mtungi ili geji itazame juu na pini ya usalama iwe upande ambao haitakwaruzwa na kiatu cha abiria. Pini ya usalama ibaki na kifungo chake chepesi cha plastiki. Usiifunge kwa waya wa chuma eti isitoke, siku ya moto utatafuta koleo. Mshikio usiguse zulia wala reli.

Ukiwa umefunga vyote, shika mtungi na uuvute kwa nguvu mbele, nyuma, juu na pembeni. Hakuna kuchezacheza kunakokubalika. Kisha funga mkanda, fumba macho, utoe mtungi. Rudia kwa glavu kama huwa unazivaa. Ukitumia zaidi ya sekunde tano, kuna kitu kimeelekezwa vibaya: mara nyingi ni pete ya pini imegeukia sakafu. Baada ya wiki ya kwanza ya kuendesha, pitia bolti na vibano tena. Mpira mpya hulegea kidogo ukishajikaa.

Gari la mashindano

Kwa uwanjani, mtungi wa mkononi ni nyongeza ya mfumo uliosimikwa wenye nozeli za kabini na injini, swichi ya ndani na kamba au kitufe cha nje. Kanuni za FIA hutaka sehemu ya kuuwashia kwa nje iwekewe alama ya herufi E nyekundu ndani ya duara jeupe lenye kipenyo kisichopungua sentimita 10. Kwa mitungi ya mkononi, kanuni hizohizo hutaja kiasi kama lita 2.4 za AFFF au kilo 2 za poda, hutaka mtungi ufikiwe kwa urahisi na dereva pamoja na msaidizi wake, na ukaguliwe kila baada ya miaka miwili. Soma kitabu cha mashindano unayoingia kabla ya kununua. Mkaguzi hutazama tarehe kwanza.

Moto ukiwaka

Simama, zima injini ili pampu ya petroli isimame, vuta kifungulio cha boneti bila kuinua boneti, toa watu, toka na mtungi. Simama upande upepo unakotokea.

Usifungue boneti yote. Moto uliofungiwa unakosa hewa; ukiinua boneti unaulisha, na mwali hutoka usoni. Iache kwenye ndoano ya kwanza na upulizie kupitia mwanya ule, au kupitia grili, au kutoka chini nyuma ya gurudumu. Kwa injini iliyo katikati tumia matundu ya kifuniko cha injini. Vuta pini, simama kama mita moja na nusu hadi mbili, lenga chini ya mwali pale mafuta yanapowakia, bonyeza, fagia upande hadi upande. Mtungi wa poda uwe wima, kwa sababu bomba lake la ndani hunyonya kutoka kitakoni. Ukiupindua kichwa chini, presha hutoka na poda hubaki.

Mwali ukizimika acha kubonyeza, usiondoe macho, bakiza dawa. Chuma bado kina joto la kuwasha petroli tena. Usiwashe swichi kuangalia kama gari linafanya kazi.

Mtungi mmoja ukiwa hautoshi, ondoka mbali na usirudi kwa ajili ya mkoba. Matairi, shokapu na nguzo za gesi za boneti hupasuka. Magurudumu au vifuniko vya magnesi vikishika moto, poda ya kawaida na maji havifai. Na kama kinachowaka ni betri kubwa ya gari la umeme au haibridi, mtungi huu hauna kazi hapo zaidi ya kukupa njia ya kutoka.

Baada ya poda, kazi ya usafi ianze siku hiyohiyo. Waya wa betri utoke, poda inyonywe ikiwa kavu kwa mashine yenye chujio laini, kisha sehemu za chuma zipanguswe kwa maji ya vuguvugu yenye magadi ya kuokea, zisuuzwe, zikaushwe. Injini isiwashwe kabla chujio la hewa halijafunguliwa na kutazamwa. Mpira mweusi ulioyeyuka na kuwa kama lami usiguswe kwa mkono mtupu: baadhi ya sili za injini zina florini, na masalia yake yaliyoungua hula ngozi hadi mfupa.

Utunzaji

Kila mwezi tazama geji, pini na vibano. Poda inayolala na kutikiswa hujibana upande mmoja, kwa hiyo toa mtungi, upindue mara kadhaa hadi usikie poda ikiteleza ndani. Kabla ya kununua thibitisha kwenye maelekezo kwamba mtengenezaji anaruhusu mtungi kuhifadhiwa ukiwa umelala. Mtungi wa dawa safi upime pia kwa mizani mara moja kwa mwaka, ulinganishe na uzito ulioandikwa, maana geji inaweza kuonyesha kijani huku dawa imepungua. Sindano ikipanda kidogo gari likiwa juani ni kawaida, soma asubuhi.

Mtungi uliobonyezwa hata kwa nusu sekunde upelekwe kujazwa. Chembe za poda hubaki kwenye kiti cha valvu, na presha huvuja polepole hadi sindano ifike sifuri. Kwa kiwango cha Marekani cha NFPA 10, mitungi ya poda inayojazwa tena hufunguliwa na kukaguliwa ndani kila miaka 6 na kupimwa kwa presha ya maji kila miaka 12. Ile isiyojazwa huondolewa kazini miaka 12 tangu kutengenezwa. Tarehe hiyo imegongwa au kuchapwa kitakoni, kwa hiyo isome kabla hujakaza vibano, kisha iandike kwa kalamu ya rangi upande unaoonekana. Mtungi wa zamani wa Halon usimwagwe hewani; mafundi wa vizimamoto huupokea na kuirudisha dawa yake kwenye matumizi.